Mficha Maradhi, Kifo Humuumbua



Siku ya kugawa, mawe yakisha kupimwa na kila mtu akisha kupata fungu lake, mimi karani nafunga daftari langu na kuwatazama watu wakishuka mjini. Nimekaa katika kazi hii miaka kadhaa, nami najua kuliko wengi dhahabu ya Misisi huenda wapi. Watu wa mbali hudhani kwamba yote huishia chupani. Nyingine huishia huko, ndiyo, tusidanganyane. Lakini nyingi haiendi huko. Mchimbaji mwenye akili hununua mbuzi jike. Mama mtwangaji wa mawe hununua kuku watatu, na wakizaa huuza na kununua nguruwe mdogo. Muuza fufu hufanya vile vile.

Wengi wetu hatuna kitabu cha benki. Benki yetu ni zizi nyuma ya nyumba. Mtoto akifukuzwa shule kwa ada, tunauza mbuzi. Mama akilala hospitali, tunauza nguruwe. Mgeni akifika, tunachinja kuku. Hata mahari ya mdogo wetu imefungwa kwa kamba nyuma ya jiko, inakula majani.

Basi nauliza: benki hii inalindwa na nani? Dhahabu twailinda usiku na mchana. Shimo lina walinzi, mzani una macho ishirini juu yake. Lakini zizi halina mlinzi, na mwizi wake havunji mlango wala haachi nyayo. Mwizi huyo ni ugonjwa. Kwa usiku mmoja huchukua jasho la miaka miwili, na asubuhi tunasema, "Ni bahati mbaya."

Leo nataka kusema kwamba si bahati mbaya. Mara nyingi ni sisi wenyewe.

Nianze na kosa langu, maana anayetaka kufagia soko na afagie kwanza mlango wake. Miaka michache iliyopita nilikuwa na nguruwe sita. Asubuhi moja yule mkubwa hakula. Masikio yake yalikuwa mekundu, na mwili ulikuwa wa moto. Jioni wa pili naye akalala. Jirani yangu, mzee mmoja aliyefuga tangu ujana wake, alisimama kwenye uzio akatazama, akaniambia:

"Karani, mwanangu, hii naijua. Ita watu wa mifugo, na nyama hii isitoke hapa."

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, nitawaita kesho."

Lakini usiku ule sikulala. Niliwaza ada ya mdogo wangu. Niliwaza fedha niliyotia katika nguruwe wale. Kabla ya mapambazuko nikamwita mchinjaji, nikamwuzia wanne waliokuwa bado wamesimama, kwa nusu ya bei. Aliwachinja, akaosha matumbo katika kijito, nyama ikaenda sokoni. Wale wawili wagonjwa walikufa, nikawatupa gizani.

Kabla ya mwezi kwisha nguruwe wa mtaa wetu walikuwa wamekufa karibu wote. Mama mmoja mjane alikuwa na watano. Alikuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye karani na watu huja kwangu kuandikiwa barua. Akaniomba nimwandikie mkuu wa shule, amvumilie juu ya ada ya binti yake, maana nguruwe wamekufa. Nikaandika barua ile kwa mkono wangu, kwa maneno mazuri niliyofundishwa shule, wala sikumwambia ugonjwa ulitoka wapi. Binti yule alikaa nyumbani muhula mzima.

Kabla ya kuandika maneno haya nilikwenda kwake, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Haya karani, andika tena. Lakini safari hii andika kweli."

Basi hii ndiyo kweli, ndugu zangu.

Ugonjwa ule ni homa ya nguruwe ya Afrika. Si mpya, wala haukuletwa na jirani mwenye kijicho. Ulielezwa kwanza na wataalam huko Kenya mwaka 1921. Tangu zamani unakaa katika ngiri wa porini na kupe wao bila kuwaua, lakini ukiingia katika nguruwe wa nyumbani huua karibu wote, kwa siku chache. Wataalam wamevithibitisha virusi vyake katika nguruwe wa Kivu Kusini yetu hii. Hakuna dawa ya kuuponya, na hapa kwetu hatuna chanjo yake. Mtu haambukizwi. Kwa hiyo anayekula nyama ile haumwi, naye hudhani hakuna ubaya uliotendeka. Lakini virusi hukaa katika nyama mbichi, katika damu, katika nyama ya chumvi kwa miezi, katika kisu, katika kamba, na katika matope ya buti. Mifupa na maji ya kuoshea nyama akipewa nguruwe mwingine, yameisha.

Tusidhani haya ni mambo ya vijiji vya Fizi tu. Mwaka 1957 ugonjwa huu ulitoka Afrika ukafika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa sababu nguruwe karibu na uwanja wa ndege walilishwa mabaki ya chakula yaliyotoka katika ndege. Mwaka 2007 ukaingia Georgia, na kutoka huko ukaenea Urusi na Ulaya. Mwaka 2018 ukafika China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko nchi zote, wakafa na kuuawa kwa mamilioni. Ikiwa mabaki ya sahani yaliweza kuvuka bahari, je, nyama yangu isingeweza kuvuka barabara?

Sasa tazameni mji wetu. Misisi iko juu ya barabara kubwa iendayo Baraka na Uvira upande mmoja, na Lulimba mpaka Kalemie upande wa pili. Kila siku watu huja na kwenda. Mfanyabiashara huleta mbuzi kutoka mahali asipopataja. Pikipiki hubeba kuku thelathini waliofungwa miguu, kichwa chini. Mchimbaji hutoka shimo moja kwenda lingine na buti zile zile. Penye dhahabu hakuna aliye mwenyeji sana, wala hakuna anayemwuliza mgeni, "Mnyama huyu ametoka wapi?" Mnajua habari za Kamituga, mji wa dhahabu kama wetu katika mkoa huu huu. Mwaka 2023 aina mpya ya mpoksi ilianza kuenea pale miongoni mwa watu, na mwaka 2024 dunia nzima ilitangaziwa hatari. Mji wa migodi ni njia panda. Kinachopita hapa hufika mbali. Kama ni hivyo kwa watu, basi kwa wanyama ni zaidi, maana mnyama hawezi kusema anaumwa wapi.

Nitaje sasa maadui wengine watatu wanaopita katika nyumba zetu.

Wa kwanza ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Mnyama hupata homa, macho na pua hutoa uchafu, mdomo hupata vidonda, hukohoa, huharisha, kisha hufa. Mwaka 2012 shirika la FAO lilitangaza kwamba ugonjwa huu umeshika nchi yetu kwa nguvu, na kwamba mbuzi milioni 1 na kondoo 600,000 walikuwa hatarini. Huyu adui tunaye uwezo juu yake. Chanjo ipo, na sindano moja humkinga mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi. Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, mataifa yalikubaliana kuufuta ugonjwa huu duniani ifikapo mwaka 2030. Sisi tutafutiwa, au tutaachwa kuwa shimo la mwisho ambamo ugonjwa unajificha?

Wa pili ni kideri cha kuku. Kila mama wa mji huu anakijua hata kama hajui jina lake. Kuku huinamisha kichwa, shingo hupinda, huharisha kijani, na kwa juma moja banda ni tupu. Watu husema, "Ni upepo wa kiangazi." Si upepo. Ni virusi, na chanjo yake ni miongoni mwa chanjo rahisi kuliko zote. Huko Tanzania, Malawi na Msumbiji wanavijiji hutumia chanjo iitwayo I-2, iliyotayarishwa na wataalam wa Australia. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, hata mtu aweza kuipeleka kijijini katika kikapu, imefungwa kwa kitambaa chenye maji, mradi isikae juani. Tone moja katika jicho la kuku, basi. Baada ya miezi mitatu au minne, tone jingine. Hakuna sindano, wala haitakiwi shule kubwa. Hata kijana wa darasa la sita aweza kuifanya akifundishwa vizuri. Lakini sikilizeni: chanjo ni kwa kuku mzima. Kuku aliyekwisha ugua haponi kwa chanjo. Mtu akingoja mpaka wafe nusu ndipo atafute tone, asije akasema chanjo ni uongo.

Wa tatu ni kichaa cha mbwa, na huyu hashiki mali, anashika mtu. Tunafuga mbwa kwa kulinda mashimo, maduka na nyumba. Wengi hawana mwenyewe. Hulala sokoni na kula mabaki. Mbwa mwenye kichaa hutoa mate, hubadilika tabia, huuma bila kuchokozwa, au hujificha na kunyamaza. Katika watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, 99 waliupata kwa mbwa, na wataalam hukadiria watu 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Dalili zikishaonekana katika mtu, hakuna mganga wa kizungu wala wa kienyeji awezaye kumrudisha. Lakini kabla ya dalili, yupo wa kumwokoa: ni sabuni, maji na chanjo. Mtoto akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha apelekwe hospitali siku ile ile aanze chanjo. Msitie unga wa mizizi, msitie mafuta, msingoje kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huu hukaa mwilini majuma, hata miezi, bila kujionyesha, na hapo ndipo watu hudanganyika na kusema mtoto amepona.

Tena twaweza kuukata huko unakotoka. Ikiwa mbwa 70 katika 100 wamechanjwa, kichaa hakipati njia ya kupita. Ndugu zetu wa kisiwa cha Pemba walifanya hivyo. Walichanja mbwa wao, na mwaka 2014 kichaa kikakoma. Mwaka 2016 kikaingizwa tena kutoka bara, wakarudi kazini, na mwaka 2018 kikakoma mara ya pili. Mjifunze hapo mambo mawili. La kwanza, inawezekana. La pili, ukichoka, ugonjwa haujachoka.

Neno moja pia juu ya kimeta. Mwezi wa Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa ugonjwa huu katika hifadhi ya Virunga, huko Kivu Kaskazini. Kimeta huua ng'ombe, mbuzi na wanyama wa porini ghafla, na damu yaweza kutoka puani bila kuganda. Huu huambukiza mtu anayechuna na anayekula. Mwaka 2023 watu wa kusini ya Zambia waliugua baada ya kula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe. Ukimpasua, mbegu za ugonjwa huingia katika udongo na kukaa humo miaka mingi.

Najua majibu ya watu. Nimeyasikia kilabuni, sokoni na penye mzani.

Wa kwanza husema, "Karani, ni uchawi. Fulani alitazama nguruwe wangu siku ile." Ndugu yangu, huyo fulani naye nguruwe wake wamekufa. Amejiroga mwenyewe? Tunapomshika jirani kwa uchawi, ugonjwa hucheka na kuendelea na safari yake, na mtaa hubaki na mambo mawili: zizi tupu na uadui.

Wa pili husema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Hapo nakubali nusu. Anayeingiza mbuzi sokoni hutozwa. Anayechinja hutozwa. Anayepita kizuizini hutozwa. Ni haki yetu kuuliza fedha hiyo imemleta mganga wa mifugo gani, imenunua friji gani ya chanjo, imelipa mkaguzi gani wa nyama. Raia anayelipa ana haki ya kuonyeshwa daftari. Wakubwa wanaokuja Misisi kuhesabu magramu ya dhahabu na waje siku moja kuhesabu mbuzi. Hilo tutalisema bila woga wala matusi, kwa barua, kwa majina yetu, tena na tena mpaka tusikiwe. Lakini nusu ya pili siikubali. Serikali haikuja usiku kumwita mchinjaji nyumbani kwangu. Nilimwita mimi. Hata wangekuwapo waganga wa mifugo kumi, mtu akificha wote kumi ni vipofu.

Wa tatu husema neno zito kuliko yote, nami siwezi kulicheka kwa kuwa nilikuwa nalo moyoni: "Nikitangaza, nimekwisha. Nyama itafukiwa, na mimi nitabaki na nini? Nani atalipa ada ya mtoto wangu?"

Ndugu zangu, kiini cha jambo ndicho hiki. Wanaofikiri kwamba watu huficha ugonjwa kwa ujinga hawatujui. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri. Nilifundishwa habari za Louis Pasteur, aliyewachanja kondoo kimeta mwaka 1881 na mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885. Elimu nilikuwa nayo. Sikuficha kwa kutojua, nilificha kwa hofu ya umaskini. Mahubiri hayatoshi kumshinda mtu mwenye hofu hiyo. Tukitaka mtu aseme kweli mapema, yapasa kweli isimfilisi.

Kwa hiyo naleta shauri. Tuanzishe mfuko wa mifugo, mtaa kwa mtaa. Chukueni watu 200 wa mashimo, maduka na soko. Kila mmoja atoe franka 500 kwa mwezi. Hiyo ni noti ndogo, mtu huitoa bila kufikiri. Kwa mwezi ni franka 100,000, na kwa mwaka franka 1,200,000. Fedha hiyo ifanye kazi mbili. Ya kwanza ni kununua chanjo kwa pamoja na kumlipa anayeileta na kuichanja. Ya pili ni hii: mtu ambaye mnyama wake ni wa kwanza kuugua, akatangaza siku ile ile, akakubali mnyama afukiwe, alipwe nusu ya bei ya soko. Anayeficha, tukamjua, asipate hata franka moja, naye aitwe mbele ya wazee wa mtaa.

Mtasema mfuko mdogo namna hiyo hauwezi kulipa nguruwe wa mji mzima. Ni kweli, haukukusudiwa hivyo. Unalipa wale wa kwanza, ili wasiwepo wa pili. Kama siku ile ningejua kwamba nitapata nusu ya bei kwa kusema kweli, ningekuwa na sababu gani ya kumwita mchinjaji gizani? Nusu ya bei ndiyo niliyoipata kwake. Kwa bei ile ile mtaa ungebaki na nguruwe wake, na binti wa mjane angebaki darasani.

Daftari la mfuko lishikwe na watu watatu: mmoja wa mashimoni, mama mmoja wa sokoni, na mmoja atakayechaguliwa na wazee wa mtaa. Lisomwe kwa sauti mbele ya watu kila mwezi. Nasema hivi mimi niliye karani: msimwamini karani asiyetaka kusoma daftari lake hadharani.

Wakati mfuko unajengwa, yapo mambo yasiyongoja fedha. Mnyama mgeni atengwe kwa majuma matatu kabla ya kuchanganywa na wa nyumbani. Mabaki ya nyama ya nguruwe wasipewe nguruwe. Yakibidi, yachemshwe kabisa. Mtu atokaye penye zizi lenye ugonjwa aoshe buti, kisu na mikono kwa sabuni, au kwa maji ya klorini tuliyoyazoea wakati wa kipindupindu. Nguruwe wasiachwe kuzurura. Mzoga ufukiwe chini sana, mbali na kisima na kijito. Msiutupe katika shimo la zamani lililoachwa. Najua ni rahisi, lakini maji ya shimo lile hutafuta njia ya mtoni, na mbwa hushuka na kutoka na mfupa.

Tena pawe na vijana wawili katika kila mtaa watakaofundishwa kutia tone la kuku na kutambua dalili. Msicheke na kusema kijana wa Misisi hawezi. Nitawaeleza habari moja ya Afrika ambayo yafaa kila mtoto wa shule aijue.

Kati ya mwaka 1887 na 1897 sotoka ya ng'ombe iliingia Afrika kwa upande wa Eritrea, ikashuka mpaka kusini mwa bara. Mahali pengi ng'ombe 9 katika 10 walikufa, na watu wakafa njaa nyuma yao. Mwaka 1951 nchi za Afrika ziliwekewa ofisi moja ya kupigana na magonjwa ya mifugo, ambayo leo iko chini ya Umoja wa Afrika. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri. Mwaka 1962 ikaanza kampeni kubwa ya nchi nyingi pamoja, na ugonjwa ukakaribia kwisha. Ndipo watu wakalegea. Kampeni ikafungwa mwaka 1976, ulinzi ukapungua, na katika miaka ya 1980 sotoka ikarudi na kuua upya. Wakaanza tena. Safari hii, mahali ambapo gari la serikali halikufika, kama Karamoja na Sudan ya kusini, wafugaji wenyewe walifundishwa, wakapewa chanjo isiyoharibika upesi kwa joto, wakachanja ng'ombe wao kwa mikono yao. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani kote. Katika historia ya binadamu ni magonjwa mawili tu yaliyokwisha kufutwa hivyo: ndui ya watu, na huo. Ushindi ule ulipatikana kwa maabara na mikutano, ndiyo, lakini vile vile kwa wachungaji waliotembea kwa miguu wakiwa na chupa ya dawa na ukweli juu ya ng'ombe wao.

Basi ndugu wa Misisi, wa Lubichako, wa Lulimba, na ninyi wa Fizi na Baraka mnaosoma karatasi hii: kidole kimoja hakivunji chawa. Zizi langu haliwezi kuwa salama ikiwa la jirani linaungua. Twaweza kugombana juu ya mipaka ya shimo, juu ya mzani na juu ya fungu; ugonjwa hauna habari na ugomvi wetu, hupita kwa wote.

Mimi nimetoa franka 500 zangu za kwanza, nimeziandika katika ukurasa mpya wa daftari. Mstari wa pili ni wa yule mama mjane. Hana nguruwe hata mmoja sasa, lakini alitoa. Nilipomwuliza kwa nini, alisema atafuga tena, na safari hii hataki kuandikiwa barua.

Mistari iliyobaki iko wazi. Njooni muandike majina yenu.

Karani wa mgodi, Misisi